Krismasi ya Mwaka wa Witiri

Dada yangu Verna anaendesha basi la shule, na sisi wengine anatuendesha kama tumo humo ndani. Tangu wazazi wetu wafariki, hakuna harusi, mazishi wala chakula cha Sikukuu ya Shukrani katika ukoo wetu kilichopangwa na mtu mwingine. Yeye ndiye anayejua nani akae karibu na nani, nani apelekewe viazi vitamu nyumbani, na nani asiongezewe bia. Ukichelewa, sahani zimeshaoshwa. Mimi ni mdogo wake, naitwa Noreen. Nimeachwa na waume wawili na nimeachwa mara nyingi zaidi na Verna aliyechoka kunisubiri nipake rangi ya midomo, kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Tunakaa Frostproof, huku Florida, jina ambalo maana yake ni mji usioingiwa na jalidi. Waliouita hivyo walikuwa wauza machungwa, na walikuwa waongo. Jalidi inaingia, mashamba yanaungua. Lakini theluji yenyewe hatuioni, na pengine ndiyo sababu watu wa hapa wanaipenda kiwazimu ile sherehe ya Krismasi ya kule Bustanini.

Bustani ni ile kubwa ya burudani iliyo upande wa Orlando. Sherehe yake ya Krismasi haifanyiki siku ya Krismasi. Inaanza mapema Novemba, maboga ya Halloween yakiwa bado yanaozea barazani, na inarudiwa jioni baada ya jioni hadi Desemba. Unaingia kwa tiketi yake ya peke yake. Kuna gwaride la askari wa mbao, kuna chokoleti ya moto ambayo watu wanainywa huku jasho linawatiririka mgongoni, na theluji ya povu la sabuni inamwagwa kutoka juu ya mapaa ya maduka. Watu wazima wanalia wakiiona. Familia nzima inavaa fulana za rangi moja zenye majina mgongoni. Verna amekwenda mara nyingi mno, kwanza na marehemu mumewe Harlan, halafu na mwanawe Dwight, halafu na watoto wa Dwight.

Hao watoto ndio habari yenyewe. Ni wasichana wawili, Delaney aliyeanza kuona haya ya kila kitu, na Opal ambaye meno ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanang'oka. Mama yao ni Janelle. Dwight na Janelle waliachana vibaya, na hakimu akawagawia watoto kama inavyogawiwa keki mbele ya watu wanaoviziana. Watoto wanakaa kwa mama yao, Lake Wales. Baba anawachukua kila Jumanne, na Jumamosi na Jumapili wiki moja ndiyo, wiki moja hapana. Krismasi inakwenda kwa miaka: mwaka wa shufwa ni wa baba, mwaka wa witiri ni wa mama.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa witiri.

Sijui kama mnaelewa Krismasi ya mwaka wa witiri ilivyo nyumbani kwa Verna. Mti unasimamishwa. Taa zinawashwa. Halafu sisi watu wazima watatu tunakaa tunatazamana juu ya nyama ya nguruwe ambayo ingelisha kwaya, na Dwight anaenda nje kila mara kuangalia kitu kwenye gari. Gari halina kitu. Anaenda kulia.

Basi Septemba, tukiwa jikoni kwa Verna tunachemsha karanga, akatangaza. Alikuwa amepata sherehe ya Bustanini inayoangukia Jumanne.

"Jumanne ni ya Dwight," alisema. "Tunawachukua shuleni, tunakwenda, wanaona theluji, tunawarudisha. Krismasi tumeipata, na hakuna aliyeibiwa."

Dwight alikuwa amesimama mlangoni na viatu vyake vya kazi, maana yeye ni fundi wa mapaa na haruhusiwi kukanyaga sakafu ya mama yake na lami miguuni. Sikuona furaha usoni kwake.

"Mama, lazima tumuulize Janelle."

"Kumuuliza nini? Siku ni yako."

"Siku ni yangu. Krismasi si yangu." Akajikuna shingo. "Umesahau amri ya hakimu inasemaje? 'Krismasi pamoja na sherehe zake zote, popote zitakapofanyika.' Sherehe zake zote, Mama. Mwaka wa witiri zote ni zake."

"Nani aliyeandika upuuzi huo?"

Dwight alinitazama mimi, mimi nikatazama karanga.

"Wewe," alisema.

Na ni kweli. Wakati wa kuachana, Verna aliambiwa na mtu kwamba mama yake Janelle amepanga kuwafanyia watoto Krismasi ya mapema, mti na zawadi na kila kitu, wiki mbili kabla ya ile yetu, ili sisi tubaki na makombo. Verna aliwaka moto. Alimkalia kooni mwanasheria wa Dwight mpaka maneno hayo yakaingizwa, na siku ile tulipotoka mahakamani alikuwa anatembea kama mtu aliyeshinda ng'ombe kwenye maonyesho. Sasa kamba ile ile ilikuwa shingoni mwake.

"Hakimu ameshanionya mara moja," Dwight alisema. Mwaka uliotangulia aliwachelewesha watoto, mvua ya kimbunga imefunga barabara, naye badala ya kupiga simu akalala. "Alisema nikivunja amri tena, Jumanne zinaondoka. Labda na Jumamosi pia. Mama, mimi sina kitu kingine. Nina Jumanne na hizo Jumamosi, basi."

"Muulize tu, Verna," nikamwambia. "Mpigie simu mwenyewe. Janelle si nyoka."

"Ukimuomba mtu ruhusa unampa nafasi ya kukataa."

"Ndiyo maana inaitwa ruhusa."

"Wewe uliyewaomba ruhusa wanaume wawili ulipata nini?"

Nikamrushia ganda la karanga. Lakini moyoni nilikasirika, na nilikasirika kwa sababu nilimjua. Shida ya dada yangu si ubaya. Ni kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuuliza swali ambalo hajui jibu lake.

Akili yake haikulala. Baada ya siku chache alinijia kazini, kwenye saluni yangu, mteja akiwa na povu kichwani, akaniambia ameipata dawa.

"Shida si kwenda," alisema. "Shida ni neno. Amri inasema Krismasi. Sisi hatuendi kwenye Krismasi. Tunakwenda Bustanini Jumanne jioni."

"Inaitwa Sherehe ya Krismasi, Verna. Imeandikwa getini kwa taa."

"Getini siyo mdomoni. Watoto wakirudi kwa mama yao waseme walikwenda Bustanini. Kwani ni uongo?"

Mteja akacheka ndani ya beseni. Mimi sikucheka. Nilisema, na ninashukuru nilisema, kwamba mambo hayo yatatutokea puani. Verna akajibu kwamba mimi nina roho ya kuku, akaondoka.

Dwight alinyamaza. Hilo nalo nitalisema bila kumficha mtu: mpwa wangu ana mabega ya fahali, lakini mbele ya mama yake anakuwa mtoto aliyeketi kiti cha nyuma. Alitaka sana waende. Akajitia hamnazo, akaacha mama yake afanye.

Novemba, Jumamosi yetu ilipofika, siku tatu kabla ya sherehe, Verna aliwakalisha wasichana mezani akawaeleza. Delaney, ambaye tangu kiangazi alikuwa anazungumza na simu yake tu, aliinuka kwenye kiti.

"Kweli, Bibi? Ile yenye theluji?"

"Ile ile. Lakini ina sharti." Verna akainua kidole kama anavyokiinua kwenye kioo cha basi. "Kuna neno hatulisemi. Si kwa mama, si kwa mwalimu, si kwa mtu yeyote. Hatusemi Krismasi. Tunasema sherehe ya Bustani."

"Kwa nini?" Opal akauliza.

"Kwa sababu ukilisema hilo neno, hatutakwenda. Na baba yako atapata taabu kubwa."

Nilikuwa nimeshika kikombe, nikakiweka chini. "Verna."

"Nyamaza, Noreen."

Jumamosi hiyo na Jumapili asubuhi walifanya mchezo wa hilo neno. Verna anapita na kitambaa cha vumbi, ghafla anauliza, "Tunakwenda wapi?" na wasichana wanajibu kwa pamoja, "Kwenye sherehe ya Bustani!" Anawauliza wakipiga mswaki, anawauliza wakila. Delaney aliona ni mzaha mtupu. Opal hakuona mzaha. Niliingia nikamkuta amekaa mbele ya televisheni, tangazo la mti wa Krismasi linapita, naye ameziba masikio kwa mikono miwili. Nilimuuliza vipi, akasema anaogopa lile neno lisije likamwingia halafu likamtoka kwa bahati mbaya.

Nilimwambia Verna. Akasema mtoto ana bidii.

Jumapili mchana Dwight aliitwa kuziba paa la kanisa, kwa hiyo mimi na Verna ndio tuliowarudisha watoto. Huwa tunakabidhiana kwenye maegesho ya duka la dawa, nusu ya njia kati ya Frostproof na Lake Wales, kama wanavyofanya watu wengi walioachana huku kwetu. Ukipita Jumapili utaona magari mawili mawili yametazamana na mikoba ya watoto inapita katikati. Joto lilikuwa linapanda kutoka kwenye lami. Janelle alikuwa ameshafika. Anafanya kazi kwa daktari wa meno, na hata Jumapili ananyoosha nywele kana kwamba mgonjwa anaweza kutokea. Alimsalimia Verna kwa kichwa, Verna akamsalimia kwa kichwa. Adabu yao ilikuwa inaishia hapo.

"Haya, wanangu," alisema. "Mlifanya nini kwa Bibi?"

"Tulichemsha karanga," alisema Delaney, akaingia garini na simu yake.

"Na wewe, Opal?"

 Opal alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Mbona umejiziba mdomo? Jino linauma?"

Opal akatikisa kichwa. Machozi yakaanza kumtoka, akasema kwa ndani ya mkono, "Siruhusiwi kukwambia."

Nilimwona Janelle anabadilika. Aliweka mkoba chini taratibu sana. Alipiga magoti juu ya lami ile ya moto, na suruali yake nyeupe, na sauti aliyotoa ilikuwa ndogo. Angepiga kelele nisingeogopa vile.

"Huruhusiwi kuniambia nini, mwanangu?"

"Neno."

"Neno gani?"

"Siruhusiwi, Mama!"

"Nani amekukataza?"

Opal akamtazama Verna. Sisi sote tukamfuata macho.

"Opal. Sikiliza. Huna kosa lolote. Kuna mtu amekushika? Kuna mtu kule nyumbani amekufanyia kitu, akakwambia usiniambie mimi?"

Kiumbe yule akalia kwa sauti. Alikuwa analia kwa sababu ya Bustani na baba yake na theluji, lakini Janelle angejuaje? Nani angejua? Delaney akafungua mlango wa gari, uso umemwisha rangi, akasema, "Siyo hivyo, Mama, siyo hivyo," halafu naye akameza maneno, kwa maana naye alikuwa ameapishwa. Nadhani hapo ndipo Janelle aliposadiki. Akasimama. Mkono mmoja amemkumbatia Opal, wa pili unatafuta simu mfukoni.

"Dwight yuko wapi?" alisema. "Nani mwingine alilala kwenu? Msisogee, nyote wawili. Naita polisi."

 Niliona kila kitu kwa mara moja: gari la polisi, mwanamke wa ustawi wa jamii na faili lake, Dwight anateremshwa kutoka kwenye paa la kanisa mbele ya waumini. Achana na Jumanne. Kwa swali kama lile mtu hupoteza watoto wake hata baada ya kuonekana hana hatia.  Verna alikuwa amesimama kama nguzo ya taa. Nilidhani anatafuta njia ya kuzunguka, kama kawaida yake. Alikuwa nayo. Angeweza kusema ni zawadi ya kushtukiza, ni jambo la siku ya kuzaliwa, na Janelle angetamani kumwamini.

"Krismasi," alisema Verna.

Janelle alikuwa ameshabonyeza. "Nini?"

"Neno lenyewe ni Krismasi. Nimewakataza kusema Krismasi." Sauti yake ilikuwa kavu kabisa. "Nimepata sherehe ya Bustanini, inaangukia Jumanne ya Dwight. Mwaka huu ni wako. Nilijua ungeweza kukataa, sikutaka kukuuliza. Nikawafundisha wasiseme. Hakuna mtu aliyemgusa mtoto huyu. Ni mimi tu. Dwight alitaka tukuulize tangu mwanzo, mimi nikakataa."

Simu ikasema kitu mkononi mwa Janelle. Alimtazama Opal. Opal aliitikia kwa kichwa, mkono bado mdomoni. Janelle akamwambia mtu wa kwenye simu kwamba samahani, amekosea, akaikata. Halafu akaketi ukingoni mwa maegesho, hapo hapo, akalia kama mtu aliyetolewa majini. Mimi nilikwenda kumshika bega, akanipiga mkono.

Alipopata pumzi alisema, "Unajua nimefikiria nini?"

"Najua," alisema Verna.

"Hujui. Kila siku namwambia mtoto huyu: mtu mzima yeyote, mtu yeyote, akikwambia usimwambie mama, njoo mbio umwambie mama kwanza. Namwambia nikimwosha, namwambia nikimvalisha viatu. Na mtu mzima wa kwanza kumwambia usimwambie mama amekuwa bibi yake."

 Mimi nilikuwa na majibu kumi, lakini yote yalikuwa ya kumtetea dada yangu na hakuna hata moja lililokuwa zuri.

Janelle alijifuta uso, akawaingiza watoto garini, akafunga mlango. Akarudi.

"Waende," alisema. "Ni Jumanne ya Dwight. Sitampeleka baba wa wanangu mahakamani kwa ajili ya povu la sabuni. Ungeniuliza ningekubali, Verna. Labda ningekusumbua siku mbili tatu, lakini ningekubali. Waende na baba yao. Wewe huendi."

Nikafungua mdomo. Verna akanishika mkono, akanifinya mpaka nikaumia.

"Sawa," alisema.

Njia nzima ya kurudi nilisema mimi peke yangu. Nilisema Janelle ana kiburi, nilisema hana mamlaka juu ya tiketi ya mtu, nilisema watu elfu na elfu wanaingia pale, nani atamwona bibi mmoja? Verna alishika usukani na mikono yake miwili. Tulipofika kwake hakushuka.

"Kila Agosti tunafundishwa," alisema. "Madereva wote. Wanatuonyesha filamu. Mtoto akisema nina siri siruhusiwi kusema, unaripoti siku hiyo hiyo, huulizi mara mbili. Mimi nimewahi kuripoti, Noreen. Mtoto wa kiti cha tatu. Nilikuwa sahihi." Akazima gari. "Janelle alipouliza lile swali, nilimsikia mtu anayefanya kazi yangu."

Nilishuka, nikazunguka kumfungulia mlango wake. 

Basi Jumanne hiyo tulikwenda bila yeye: Dwight, mimi na wasichana. Asubuhi alinipa maelekezo ya kila kitu, geti la kuingilia, mahali pa kusimama ili gwaride lianze kwenu kabla askari wa mbao hawajachoka, choo kisicho na foleni, na kwamba Opal asinywe chokoleti kabla ya kupanda farasi wa kuzunguka. Halafu alikwenda kazini kuendesha basi lake. Jioni Dwight alimpigia simu ya kuonana nyuso ili aone theluji. Hakuipokea. Aliandika ujumbe tu: "Nilisema siji."

Kulikuwa na joto. Delaney alisahau kuona haya akacheza dansi na mbuni wa plastiki. Dwight alimbeba Opal mabegani, na povu lilipoanza kushuka kutoka mapaani watu wote wakaguta, mimi nikiwemo, mimi mwenye umri huu na nywele nilizotengeneza mwenyewe. Opal alishika povu kwa viganja, akainama kutoka juu ya mabega ya baba yake hadi sikioni kwangu.

"Bibi Noreen, hapa naruhusiwa?"

"Kufanya nini, kipenzi?"

"Kusema."

Nikamwambia sema, sema kwa nguvu, hapa ndipo penyewe. Muziki ulikuwa unapiga, maelfu ya watu wanalipiga kelele neno lile lile. Opal aligeuza kichwa akatazama nyuma yetu, akatazama kushoto na kulia. Halafu akalitamka kwa midomo tu. Sauti haikutoka.

Sikujua kama nimwambie Verna. Angefurahi kusikia habari za mbuni. Lakini kesho yake alipokuja saluni na kuuliza, "Opal je?" nilimwambia kama ilivyokuwa. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani. Aliniomba nimsimulie mara nyingine, hasa pale Opal alipotazama kushoto na kulia.

Jumapili iliyofuata ya kukabidhiana, Verna alikuja pamoja na Dwight na mimi. Watoto walikuwa wameshavuka upande wa Janelle, naye alipoona ni nani anashuka, alijiweka mbele yao kidogo. Verna akasimama mbali naye.

"Naomba kusema na Opal," alisema. "Mbele yako. Ukikataa nitarudi garini."

Namwambia msomaji wangu, nilikuwa nikimjua dada yangu tangu nimezaliwa na sikuwahi kumsikia akisema "naomba" na "ukikataa" kwa pumzi moja.

Janelle alifikiri. Akasogea pembeni.

Verna alipiga magoti, na magoti yake ni mabovu kwa miaka mingi ya pedali. "Opal, Bibi alikosea. Nilikukataza neno, na sikuwa na haki. Kwa mama yako hakuna neno la kuficha. Hata moja. Mimi nikikwambia ufiche, nenda ukamwambie mama kwanza. Umesikia?"

"Hata lile?"

"Hata lile. Sema sasa hivi, hapa, kama unataka."

Siku zote mtoto yule akiambiwa kitu na Verna alikuwa anakimeza kizima. Bibi akisema mvua itanyesha, anakwenda kuchukua koti jua likiwaka. Sasa alisimama, akamtazama Verna usoni kwa muda, halafu akageuka kumtazama mama yake, kuona kama ni kweli.

Janelle akaitikia kwa kichwa.

"Krismasi," alisema Opal, kwa sauti ya kawaida, na akaenda kwenye gari la mama yake.

Dwight alimwinua mama yake. Verna aliketi kwenye usukani, kwa kuwa hakuna mwingine anayeendesha yeye akiwepo, akafunga mkanda, akaweka vioo vyake sawa. Magari mengine yalikuwa yanaondoka, moja moja.

"Umeona?" aliniambia. "Amemwangalia mama yake kwanza."

"Nimeona, Verna."

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema. "Ndivyo kabisa inavyotakiwa."

Alisema hivyo mara ya tatu, halafu akamwomba Dwight aendeshe yeye.